GASKETI NI YA GARI, SI YA DEREVA



Neno tunaloliandika leo ni dogo kwa sura. Ni kipande chembamba chenye matundu, kinachokaa kati ya manifoldi na silinda hedi ya injini. Bei yake kwa magari mengi ya zamani haifiki bei ya tangi moja la petroli. Lakini kwa ajili ya kipande hiki madereva wanakatwa pesa, mafundi wanalaumiwa, mataniboi wanavuta moshi, na mwishowe injini nzima yaharibika na watu wanakosa kazi. Sisi twasema neno hili lafaa liletwe mbele ya matajiri kama jambo la haki. Hoja yetu ni moja: gasketi ni ya gari, na mwenye gari ndiye wa kuilipa, tena ailipe mapema, kabla moshi haujaingia ndani.

MAGARI YETU YA BARA

Watu wa mbali wakisikia Lamu hufikiri hakuna magari. Kweli, mji wa Lamu wenyewe ni mji wa vichochoro, punda na vyombo vya baharini, na kwa miaka mingi ulisifiwa kuwa na gari moja tu, nalo la Mkuu wa Wilaya. Lakini ukivuka maji ukafika gati ya Mokowe, mambo ni mengine. Kutoka hapo kwenda Hindi, Mpeketoni na Witu kila kitu chenda kwa gari: mahindi, simsim, korosho, saruji, wagonjwa na watoto wa shule. Na magari hayo mengi si mapya. Pickup iliyokwisha kuzeeka Nairobi au Mombasa ndiyo huanza maisha ya pili huku kwetu. Land Rover za zamani nazo ziko zinazoendelea kufanya kazi. Injini yake ya petroli ya lita mbili na robo ilianza kutengenezwa mwaka 1958, na Land Rover za namba tatu zilikoma kutengenezwa mwaka 1985. Kwa hiyo hata ile changa kabisa katika hizo ni mzee kuliko dereva wengi wanaoiendesha.

Barabara kubwa ya kutoka Garsen kupita Witu hadi huku sasa ina lami, nasi tunashukuru. Lakini mashamba hayako juu ya lami. Gari likitoka barabara kubwa laingia udongo, mchanga na matuta madogo yanayolitikisa mchana kutwa. Tena hewa yetu ina chumvi, nayo chumvi hula nati na boliti. Mtikiso, joto na kutu: hao ndio maadui watatu wa gasketi ya manifoldi, na hapakosekani hata mmoja katika njia zetu.

KALAFATI YA INJINI

Kila mtu wa visiwani aijua kalafati. Mafundi wa Matondoni wakiisha kupigilia mbao za jahazi, husokota pamba yenye mafuta wakaishindilia katika kila mwanya kati ya ubao na ubao. Mbao ni nzito na pamba ni kitu dhaifu, lakini bila ya pamba ile chombo hakifiki hata Manda. Gasketi ni kalafati ya injini. Chuma kikikutana na chuma, hata kikinyooshwa namna gani, hubaki mianya midogo. Gasketi huijaza mianya ile.

Manifoldi ziko mbili. Ya kwanza huleta hewa na petroli kutoka kabureta mpaka ndani ya silinda. Ya pili hutoa moshi wa moto kutoka silinda mpaka bomba la ekzosti. Katika injini ya Land Rover tuliyoitaja, zote mbili ziko upande mmoja, zimefungwa pamoja kwa boliti, na gasketi hutumika kuziba mahali zinaposhikana na hedi. Zimewekwa hivyo ili joto la moshi lisaidie kuifanya petroli kuwa mvuke. Lakini upande mmoja hupata moto sana na mwingine hauna moto kama huo, kwa hiyo chuma hutanuka na kusinyaa kwa kipimo kisicho sawa, kila asubuhi na kila jioni. Gasketi iliyo katikati ndiyo inayovumilia mvutano huo. Baada ya miaka huchoka, hukauka, hupasuka. Huo ni uchakavu. Hakuna dereva aliye stadi hata azuie chuma kisitanuke kwa moto.

DALILI ZAKE

Yatubidi sote tuzijue dalili, maana anayezijua hasingiziwi.

Gasketi ikivuja upande wa ekzosti, asubuhi injini ikiwashwa baridi utasikia mlio wa tik-tik-tik wenye kwenda pamoja na mzunguko wa injini. Injini ikipata moto mlio hupungua au hunyamaza, kwa sababu chuma kimetanuka na kuziba mwanya kwa muda. Hapo ndipo tajiri husema, "Si umeona? Limepona lenyewe." Halikupona. Tazama penye maungio: ukiona masizi meusi yametapakaa kama moshi wa kibatari ukutani, hapo ndipo panapovuja.

Ikivuja upande wa hewa, injini hainguruma sawasawa gari likisimama; hupanda na kushuka, hutaka kuzimika, na kabureta hata ikirekebishwa mara kumi haitulii. Pengine husikika sauti ya kuvuta pumzi. Njia salama ya kujaribu ni kunyunyiza maji kidogo penye maungio ya manifoldi ya hewa, injini ikiwa inazunguka polepole, mbali na nyaya za plagi. Sauti ya injini ikibadilika, mwanya umeonekana. Wala asijaribu mtu kwa petroli, maana moto hauna rafiki.

Mwanya huu wa hewa si wa kudharauliwa. Hewa ya ziada hufanya petroli iwe haba katika silinda, na mchanganyiko wenye petroli haba huleta joto kali. Joto hilo likizidi na likiendelea, valvu huungua. Valvu zikiungua hedi yafunguliwa, na hedi ikifunguliwa gari lalala kwa majuma, maana spea hutafutwa Mombasa au mbali zaidi. Dereva na taniboi wanakaa bila kazi. Usipoziba ufa utajenga ukuta, nao ukuta huo hujengwa kwa mshahara wa watu wasio na kosa.

MOSHI NDANI YA GARI

Hasara ya pesa ni neno moja. Liko neno zito kuliko hilo.

Moshi wa petroli una hewa ya sumu iitwayo kaboni monoksaidi. Haina rangi wala harufu. Ikiingia kifuani hushikamana na damu kwa nguvu zaidi ya mara 200 kuliko oksijeni tunayoivuta, na hivyo mwili hukosa hewa hali mtu anapumua. Kwanza kichwa huuma, kisha huja kizunguzungu na kichefuchefu, kisha usingizi, na ikizidi ni mauti. Magari ya zamani yana matundu: sakafu imekula kutu, mpira wa usukani na wa gia umepasuka, mlango haufungi sawasawa. Moshi ukivuja penye manifoldi, mbele kabisa ya miguu ya dereva, njia ya kuingia ndani haukosi. Ikinyesha mvua, vioo vikifungwa, hatari huzidi.

Tumewasikia madereva wakisema kichwa huwauma kila jioni, nao hudhani ni jua au njaa. Twasema, ndugu, ukiumwa na kichwa ndani ya gari na ukashuka ukapata nafuu, usitafute dawa dukani kwanza. Fungua boneti, tazama masizi.

Wenzetu wa baharini nao wasidhani jambo hili ni la bara tu. Mashua ziendazo Pate, Faza, Kizingitini na Kiwayu siku hizi nyingi huenda kwa injini, na ile ya dizeli hukaa ndani ya sanduku la mbao, abiria wamekaa kando yake. Injini hiyo nayo ina manifoldi na gasketi. Moshi wa dizeli hauna kaboni monoksaidi nyingi kama wa petroli, lakini zamani hapakuwa na injini za kutudhuru. Leo ziko, na mwaka 2012 wataalamu wa saratani wa Shirika la Afya Ulimwenguni waliutia moshi wa dizeli katika daraja la vitu vinavyojulikana kuleta saratani kwa binadamu. Anayekaa karibu na sanduku lile kutwa nzima ni mshika injini, naye ni mfanya kazi mwenzetu.

Na fundi je? Gasketi nyingi za zamani zilitengenezwa kwa asbesto, kwa kuwa asbesto haiungui. Lakini vumbi lake likiingia mapafuni halitoki, nalo huleta saratani na ugonjwa wa mapafu ambao huweza kujificha miaka 10, 20 au 40 kabla ya kuonekana. Fundi anayekwangua gasketi ya zamani ikiwa kavu, kisha akapuliza vumbi kwa mdomo au kwa pampu ya upepo, anajipandia ugonjwa wa uzeeni. Gasketi ambayo hujui ilitengenezwa kwa kitu gani, ihesabu kuwa ina asbesto. Ilowe maji kwanza, ikwanguliwe polepole ikiwa mbichi, mabaki yatiwe katika mfuko na kufungwa, na mahali pafutwe kwa kitambaa kilicholowa. Nguo ya kazi isipelekwe nyumbani kwa mke na watoto pamoja na vumbi lake.

NANI ALIPE?

Sasa tufike penye shina la maneno. Katika njia zetu dereva wengi hawana mshahara wa mwezi. Hupewa gari asubuhi, jioni hupeleka hesabu kwa tajiri, na kinachobaki ndicho chao na taniboi. Gari likiharibika, tajiri husema, "Liliharibikia mikononi mwako." Matengenezo madogo humwangukia dereva, na gasketi, kwa kuwa bei yake ni ndogo, huhesabiwa katika madogo hayo. Basi dereva afanya nini? Akinunua gasketi, watoto wake walala na njaa. Asiponunua, avuta moshi. Kwa hiyo huikata kutoka boksi la karatasi, au huipaka ile ya zamani dawa ya kuziba, akamwomba Mungu. Karatasi ya boksi haivumilii moto wa ekzosti hata siku moja. Mateso haya hayatoki katika uvivu wa dereva, yametoka katika mpango mbaya wa malipo.

Wazee wetu wa baharini walilijua jambo hili zamani. Katika desturi ya vyombo vya pwani, mapato hugawanywa kwa mafungu, na chombo chenyewe kina fungu lake. Fungu hilo humwendea mwenye chombo, naye kwa hilo ndiye mwenye wajibu wa kukitengeneza. Baharia hutoa jasho lake, hatoi pamba ya kalafati. Tukiuliza: ikiwa jahazi lina fungu lake, kwa nini gari lisiwe nalo? Tajiri anayepokea hesabu ya kila siku amekwisha kupokea fungu la gari. Gasketi imo ndani ya fungu hilo.

Na kwa aliyeajiriwa, sheria ya Kenya yasema vivyo hivyo. Sheria ya Ajira ya mwaka 2007, katika kifungu cha 19, yaruhusu tajiri kukata kiasi kinachostahili kwa hasara ya mali yake iliyoletwa na kosa la makusudi la mfanya kazi. Makusudi, ndugu zetu. Gasketi iliyochoka kwa joto na mtikiso haikuharibiwa kwa makusudi na mtu. Wala tajiri asiseme hapakuwa na karatasi ya mkataba, maana sheria hiyo yahusu mikataba ya mdomo pamoja na ya maandishi. Na Sheria ya Usalama na Afya Kazini ya mwaka 2007, kifungu cha 14, yamtaka mfanya kazi ampashe mkubwa wake habari za hatari kubwa, na yamkataza mkubwa kumrudisha mtu mahali penye hatari kabla ya kuitengeneza. Gari linalojaa moshi ndani ni mahali pa hatari.

MATAJIRI WASEMAVYO

Hatutaki kuwa watu wa kusema upande mmoja. Wako wenye magari huku kwetu wasio matajiri hata kidogo. Mtu ana pickup moja, ameinunua kwa mkopo, na mavuno yakiwa mabaya gari halina mzigo. Husema, "Nikilipa kila kitu, nitabaki na nini?"

Twamjibu kwa hesabu. Gasketi moja na nusu siku ya fundi ni gharama ndogo. Petroli inayopotea kwa injini isiyokaa sawa, valvu zilizoungua, hedi iliyofunguliwa na majuma ya gari kulala, hizo ni gharama kubwa, nazo humwangukia yeye pia. Mwenye gari moja ndiye mwenye haja zaidi ya kulitunza, kwa kuwa hana la pili. Mdharau mwiba mguu huota tende.

Wengine husema madereva huendesha ovyo, wakilipiwa kila kitu watazidi. Sisi hatumtetei mwenye kuharibu kwa makusudi. Lakini mwenye gari ana macho. Aje asubuhi moja asikilize injini ikiwashwa. Na uchakavu una alama zake, fundi mwaminifu aweza kuutofautisha na uharibifu.

WAJIBU WETU SISI

Ikiwa twadai haki, yatupasa kazi yetu iwe safi. Gasketi mpya ikifungwa vibaya haimalizi mwezi, na tajiri apata neno la kusema. Kwa hiyo mafundi, vijana hasa, na washike haya.

Boliti zitiwe mafuta ya kulegeza kutu tangu jana yake, wala zisilazimishwe. Boliti ikikatikia ndani ya hedi kazi ya saa moja yawa ya siku mbili. Uso wa hedi na wa manifoldi usafishwe bila kuchimbwa kwa patasi. Manifoldi ipimwe kwa rula ya chuma iliyonyooka; ikiwa imepinda, gasketi mpya haitasaidia mpaka isawazishwe. Gasketi ya zamani isirudishwe, wala mbili zisibandikwe pamoja. Dawa ya silikoni isipakwe upande wa ekzosti, maana haiwezi moto ule.

Katika Land Rover, boliti zinazofunga manifoldi mbili pamoja ziachwe legelege kwanza, manifoldi zikazwe kwenye hedi, kisha ndipo zile zikazwe. Anayeanza kwa kuzikaza zile huzilazimisha manifoldi zikae upande, na mwanya hubaki. Kukaza kuanze katikati kwenda pembeni, kidogo kidogo, kwa kipimo cha kitabu cha gari. Kwa hewa yetu ya chumvi nati za shaba zafaa kwa ekzosti kwa kuwa hazigandi kwa kutu. Kisha injini iwashwe ipate moto, iachwe ipoe kabisa, nati zipimwe tena. Kazi hii ya mwisho wengi huiacha kwa haraka ya dereva au tajiri, na ndiyo inayofanya gasketi idumu.

TUNAYOTAKA

Twaomba matawi yote ya bara na visiwani yakubaliane juu ya haya manne, na yapelekwe kwa wenye magari na wenye mashua kwa sauti moja.

Kwanza, gasketi na kila spea inayochakaa kwa kazi ilipwe kutoka fungu la gari, isikatwe katika mshahara wala katika kile kinachombakia dereva baada ya hesabu.

Pili, kila gari liwe na daftari dogo. Dereva aandike dalili na tarehe, mwenye gari atie sahihi. Neno lililoandikwa halikanushwi.

Tatu, gari au mashua inayoingiza moshi penye watu isiende kazini mpaka itengenezwe, na asifukuzwe mtu kwa kusema ukweli huo.

Nne, muda wa kukaza tena nati baada ya injini kupoa uhesabiwe kuwa muda wa kazi, na fundi apewe glavu, kinga ya pua na maji ya kulowesha vumbi kwa gharama ya mwenye kazi.

Hatukuomba magari mapya. Tunajua hali ya nchi yetu, na gari la zamani likitunzwa laweza kulisha nyumba tatu: ya mwenye gari, ya dereva na ya fundi. Kila dereva aliyekatwa pesa kwa gasketi tangu mwanzo wa mwaka huu na amletee katibu wa tawi lake tarehe na kiasi, hata ikiwa ni kidogo. Malalamiko ya mtu mmoja tajiri huyacheka. Ya watu ishirini, yakiwa yameandikwa, hukaa kitako akayasoma.

Umoja ni nguvu.